Tulipokwenda Lusewa: Habari Ikifika Mapema

Msafiri anayetoka Songea mjini kwenda Lusewa huianza safari yake kwa raha. Barabara kuu iendayo Namtumbo na Tunduru ni ya lami, na gari huteleza tu. Mambo hubadilika pale Mtwarapachani. Hapo gari huiacha lami na kukata kulia kuelekea kusini, upande wa mto Ruvuma, na kuanzia hapo abiria hujua kwamba sasa safari ndiyo inaanza.

Watu wengi wa rika letu bado husema "Lusewa ya Songea", wala hawakosei sana, kwani kwa miaka mingi sehemu hizi zilikuwa chini ya Wilaya ya Songea. Wilaya ya Namtumbo ilipoanzishwa mwaka 2002, Lusewa ikawa upande huo. Hata hivyo mtu wa Lusewa akisema "nakwenda mjini" kwa shughuli kubwa, kama vile hospitali ya mkoa au mtoto wa sekondari ya bweni, mara nyingi mji anaoufikiria ni Songea.

Tulikwenda mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi. Tulikuwa akina mama watano kutoka usharika wetu, na wawili kati yetu ni wauguzi. Akina mama wa kanisa la kule walikuwa wametualika kwa semina ya siku tatu juu ya afya na malezi ya familia. Vumbi jekundu lilitufuata njia nzima hata vilemba vyetu vikawa vya rangi moja. Pande zote mbili za njia ni miyombo na misuku, kisha ghafla huja shamba la mahindi yaliyokauka, muhogo, mbaazi, mikorosho, na ufuta uliokatwa na kusimamishwa mafungu mafungu kama watu wanaosali pamoja. Ni nchi nzuri, yenye rutuba na watu wakarimu. Wandendeule na Wayao ndio wengi, na Wangoni wapo. Waislamu na Wakristo wanaishi jirani, wanazikana na kualikana harusi.

Misitu hii ndiyo njia ya tembo. Sehemu kubwa ya nchi ya hapa imo katika ushoroba wa wanyama unaounganisha Selous upande wa kaskazini na hifadhi ya Niassa iliyoko Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Tembo hawana habari na mpaka wala na mhuri wa pasipoti. Wao huvuka wanapotaka, na wakikuta mahindi yamekomaa hawaombi ruhusa. Jambo hili wasomaji walikumbuke, kwani tutalirudia.

HABARI ZILIVYOKUWA ZIKISAFIRI

Jioni ya kwanza, tukiwa tumeketi uani kwa wenyeji wetu tukichambua kisamvu, bibi mmoja alitusimulia jinsi habari zilivyokuwa zikifika Lusewa alipokuwa binti. Mgambo alipita akipiga mbiu, na kila mtu alijua kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Barua zilikwenda kwa sanduku la posta la shule au la misheni, na aliyekuwa na bahati ya kwenda mjini alirudi na furushi la barua za kijiji kizima. Kisha kulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Saa ya matangazo ya vifo ilipofika, mwenye redio aliiongeza sauti, na majirani walikuja kusimama mlangoni kimya. Bibi alisema yeye alipata habari ya kifo cha kaka yake, aliyekuwa akifanya kazi Tanga, kwa njia hiyo. Kaka alikuwa amekwisha kuzikwa siku nne.

"Habari ilikuwa inafika," alisema, "ila ilikuwa inafika kutuliza tu. Haikuwa inafika ili mtu afanye kitu."

Maneno hayo hatukuyasahau siku zote tatu. Kwa kweli, hapo ndipo penye tofauti kati ya habari na habari. Iko habari inayofika wakati mambo yamekwisha, nayo kazi yake ni kutoa machozi. Na iko habari inayofika mapema, nayo ni huduma, sawa na dawa au maji ya bomba.

UBAO WA KIJANA WA CHAJI

Asubuhi tulitembezwa sokoni. Kando ya njia tulikuta kibanda kidogo chenye paneli ya sola juu ya bati, na ndani kijana anachaji simu za watu. Simu nyingi zilikuwa vitochi, zile ndogo za kubonyeza, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Lakini kilichotuvuta hasa kilikuwa ubao mweusi, kama wa shule, uliosimamishwa mbele ya kibanda. Tulisoma yaliyoandikwa kwa chaki: siku ya mnada wa ufuta, siku ambayo wauguzi watakuja na kliniki ya mkoba kitongoji gani, mbuzi jike mwenye doa jeupe amepotea, msiba kwa fulani, maziko saa tisa, tembo wameonekana upande wa mtoni, watu wasipite usiku.

Tulimwuliza habari hizi anazipata wapi. Alitueleza kwamba kata ina kundi la simu, ambamo wamo baadhi ya viongozi wa vijiji na vitongoji, walimu, muuguzi, watu wa chama cha ushirika, mwinjilisti na mwalimu wa madrasa. Mtu akiwa na jambo, huliandika humo mara moja. Wengi wa wanakijiji hawana simu janja, kwa hiyo yeye huyanakili mambo ya maana ubaoni, ili anayekuja kuchaji kitochi chake asome na kwenda kuwaambia wengine. Hakuna anayemlipa. "Watu wakija kusoma, na simu wanachaji," alisema akicheka.

Wasomaji wa mjini wanaweza kudhani hili ni jambo dogo. La hasha. Chukua habari ya ufuta peke yake. Mkulima hupeleka mazao yake ghalani kwa kupitia chama cha msingi cha ushirika, hupewa stakabadhi, na ufuta huuzwa kwa mnada. Katika miaka ya karibuni minada hiyo imeingia kwenye mtandao, kwa njia ya Soko la Bidhaa Tanzania, na wanunuzi walio mbali hutaja bei zao bila kufika kijijini. Mkulima asiyejua bei ya mnada wa wiki iliyopita ni rahisi kudanganywa na mchuuzi anayepita usiku na mizani yake. Anayeijua bei humwambia, "Asante ndugu yangu, nitasubiri mnada." Ada ya shule ya mtoto inaweza kupatikana au kukosekana kwa sababu ya sentensi hiyo moja.

Chukua na habari ya tembo. Akina mama wa huku huamka alfajiri kwenda kuchota maji na kuokota kuni. Neno moja la "leo msipite mtoni" likifika jioni, kesho yake mama anabadilisha njia, na watoto wake wanakuwa na mama.

KUCHELEWA MARA TATU

Sisi tulio wauguzi tulifundishwa zamani kwamba mama mjamzito hafi kwa ugonjwa peke yake, hufa pia kwa kuchelewa. Wataalamu wanataja kuchelewa kwa namna tatu. Kwanza, nyumbani wanachelewa kutambua hatari na kuamua kwenda hospitali. Pili, wakiisha kuamua, wanachelewa kufika kwa sababu ya umbali na kukosa usafiri. Tatu, wakiisha kufika, wanachelewa kupata huduma inayofaa. Ukiangalia vizuri, mama msomaji, utaona kwamba mbili za kwanza zina uhusiano mkubwa na habari: kujua dalili, na kujua ni nani wa kumwita.

Nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama vinavyotokana na uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru wote waliofanya kazi. Lakini hao 104 nao wana majina, wana waume, na wana watoto wanaouliza mama yuko wapi.

Moja kati ya huduma zilizoanzishwa kupunguza kuchelewa huko inaitwa m-mama. Ilianza kwa majaribio Sengerema mwaka 2013, ikafanyika pia Shinyanga, na mwezi wa Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua kwa ajili ya nchi nzima. Namba yake ni 115, nayo hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Hupigwa kwa ajili ya mama mjamzito, mama aliyejifungua ambaye hajamaliza siku 42, na mtoto mchanga ambaye hajamaliza siku 28. Anayepokea simu huuliza maswali ili kujua ukubwa wa hatari, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Gari hilo likiwa mbali au halipo, humwita dereva wa jamii, yaani mtu wa sehemu hizo hizo mwenye gari lake, ambaye ameandikishwa na kukubaliana na halmashauri kazi hii. Dereva huyo akimfikisha mgonjwa kituoni hulipwa kwa simu. Familia haidaiwi nauli. Tunarudia, familia haidaiwi nauli.

Tulipoyaeleza haya kwenye semina, chini ya mwembe wa kanisa, akina mama kama sitini walikuwa wanasikiliza. Baadhi yao waliitikia kwa vichwa, maana walikuwa wanaijua namba hiyo. Mmoja alisimama akasema mkwewe alijifungulia nyumbani wakati wa mvua, damu ikawa haikatiki, jirani akapiga 115, na gari likaja na kumchukua kabla hajapoteza fahamu. Yule mkwe alikuwapo pale, amempakata mtoto mnene. Watu wakapiga vigelegele.

Kisha akasimama mama mwingine, kijana, wa miaka ishirini na kitu. Alisubiri mpaka vigelegele viishe.

Alisema yeye uchungu ulimshika usiku, mimba ikiwa ya miezi minane, na damu ilianza kutoka. Mume alikuwa shambani, kwenye dungu, analinda mahindi yasiliwe na tembo. Simu ya nyumba ni moja, na mume alikwenda nayo, kwani mtu hakai porini usiku bila simu. Mama mkwe alikwenda kugonga kwa jirani, na kwa jirani simu ilikuwa imezimika chaji. Kwenye nyumba ya tatu walipata simu, lakini hakuna aliyeijua namba ya kupiga. Ikabidi kijana atumwe kwa baiskeli hadi kwa mhudumu wa afya wa jamii. Mpaka gari linapatikana, kulikuwa kumekucha. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

"Namba yenyewe ilikuwa imebandikwa ukutani kliniki," alisema. "Nimekwenda kliniki mara nne, nimeketi chini ya karatasi ile mara nne. Sijui kusoma vizuri, na hakuna aliyenisomea."

Akaketi. Hakuna aliyepiga kigelegele wala kuongea kwa muda. Mama mchungaji alianzisha sala, nasi tukaitikia.

NANI ASHIKE SIMU?

Mchana wa siku ile ratiba yetu ilikuwa juu ya lishe ya watoto. Lakini akina mama wenyewe waliomba tuendelee na lile la asubuhi, na swali lao lilikuwa moja: nani ashike simu nyumbani?

Msomaji asidhani kwamba jibu lilikuwa rahisi. Mzee mmoja wa kike, anayeheshimiwa sana pale, alisema wazi kwamba yeye haoni vema mke kuwa na simu yake. Amekwisha kuona ndoa zikivunjika kwa sababu ya simu, ujumbe usiku, maneno ya siri, ugomvi. "Mke akiwa na simu yake," alisema, "nyumba ina milango miwili."

Wengine waliguna kukubali. Na sisi tulijua kwamba bibi hakusema uongo. Hata mjini tunayaona hayo, kwa wanawake na kwa wanaume. Ndipo mama mmoja, mwenye mtoto mgongoni, akajibu kwa adabu, macho yake yakitazama chini: "Bibi yangu, tunakusikia. Lakini nyumba ikishika moto, milango miwili ni rehema."

Bibi alinyamaza, kisha akacheka, na watu wote wakacheka naye.

Hapo mazungumzo yakawa ya kweli. Akina mama walieleza kwamba suala si mapenzi wala siri tu. Ni suala la huduma nyingi ambazo siku hizi hupita kwenye simu. Mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku, utaratibu ulioanza msimu wa 2022/2023, huandikishwa pamoja na namba ya simu. Mauzo ya mazao na hata michango ya vikundi hupita huko huko. Tangu laini zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020, na wapo akina mama wasiokuwa na kitambulisho cha taifa ambao laini zao zilisajiliwa kwa jina la mume, kaka au mtoto wa kiume. Mama analima ufuta, anapalilia, anavuna na kupepeta, lakini ujumbe wa malipo unaingia kwenye simu ya mwingine. Akiwa mume mwema, hakuna shida. Akifa, au akiondoka, mama anaanza kuhangaika kutafuta namba ya siri.

Siku ya tatu tuliomba akina baba wajiunge nasi, na wengi walikuja, baadhi yao Waislamu majirani wa kanisa. Baba mmoja alisema, "Mimi nikienda dunguni siwezi kuacha simu. Tembo nao ni hatari." Ni kweli. Mwingine akasema kitochi kipya bei yake si kubwa kuliko debe chache za mahindi ambazo tembo huzila kwa usiku mmoja. Baada ya kuzungumza sana walikubaliana mambo ambayo tuliyaona yana hekima, na tunayaandika hapa kwa faida ya wasomaji. Kila nyumba yenye mama mjamzito ijitahidi kuwa na simu moja ambayo haitoki nyumbani, itwe simu ya nyumba, wala si ya mke wala ya mume. Nyumba isiyoweza, ichague mapema majirani wawili wenye simu na kupatana nao kabisa. Simu ya nyumba isilale bila chaji mimba inapofika miezi saba. Na namba isibaki kwenye karatasi tu: kila mtu nyumbani, hadi mtoto wa darasa la pili, aijue kwa kichwa. Moja, moja, tano. Watoto waliokuwa wanacheza pembeni walianza kuiimba kama wimbo, wala hatukuwakataza.

HABARI MBAYA NAYO INA MBIO

Lakini njia ipitayo tabibu, na mwizi hupita. Akina mama wa Lusewa walituuliza pia juu ya maneno yanayozagaa kwenye simu. Walikumbuka mwaka 2022. Mwezi wa Februari mwaka huo ugonjwa wa polio ulithibitishwa Malawi, na mwezi wa Machi Tanzania ilifanya kampeni ya chanjo ya matone katika mikoa minne iliyo upande huo: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Wahudumu walipita nyumba kwa nyumba kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mama mmoja alisema yeye alikwisha kuwaficha watoto wake chumbani, kwa sababu ya sauti aliyosikilizishwa kwenye simu ya mtu, ya msemaji asiyejulikana, ikisema matone yana madhara. Aliyemtoa hofu hakuwa daktari. Alikuwa shemeji yake, mhudumu wa jamii, aliyekuja na mtoto wake mwenyewe akampa matone mbele ya macho yake.

Hali kadhalika chanjo ya wasichana ya kuzuia kansa ya mlango wa kizazi. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 hutolewa kwa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wako wanaoeneza kwamba chanjo hiyo inafunga uzazi. Tuliwaeleza akina mama, kama tunavyokueleza wewe, kwamba haifungi uzazi. Inamkinga binti na virusi vinavyoleta kansa ile. Sisi tuliowauguza wagonjwa wa kansa hiyo, tukawabadilishia shuka na kuwashika mikono usiku, hatungependa binti ya mtu yeyote afike pale.

Watu wa mkoa huu wanajua kuliko wengine gharama ya neno lisilopimwa. Mwaka 1905 habari ilisambazwa kwa siri kutoka kijiji hadi kijiji kwamba iko dawa ya maji itakayozigeuza risasi za Wajerumani. Mtu aitwaye Kinjala aliileta hadi Ungoni. Hatuwadharau mashujaa wale, kwani walidai haki yao juu ya nchi yao, na kilio chao kilikuwa cha kweli. Lakini ahadi ya maji haikuwa ya kweli. Tarehe 27 Februari 1906 watu 67 walinyongwa Songea, na njaa iliyofuata vita iliua wanawake na watoto wasiohesabika. Kila mwaka tarehe hiyo hukumbukwa pale kwenye makumbusho ya Majimaji. Ni vema mama anayepeleka wanawe kutazama mahali pale awafundishe na hili: mtu anaweza kuwa na moyo safi na bado akabeba neno linaloua.

Matapeli nao hawajaisahau Lusewa. Kila mwenye simu alikuwa amekwisha kupata ujumbe wa kumtaka atume pesa "kwenye namba hii", kana kwamba ni mtoto aliyeko shuleni ndiye anaandika. Tuliwaonyesha kwamba namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040 ili ishughulikiwe, na kwamba mtu akibonyeza *106# anaweza kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mama mmoja akaona laini asiyoijua kwa jina lake. Tulimshauri aende kwa mtoa huduma akaifute, na mwanawe akaahidi kumpeleka.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Mama msomaji, huenda wewe hukai Lusewa. Huenda unaishi Mbagala au Kigamboni, na hospitali unaiona kwa dirisha. Hata hivyo tunakuomba ujiulize kama habari za kuokoa nyumba yako ziko mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anazifikia, au zimefungiwa ndani ya simu ya mtu mmoja.

Andika namba hizi kwa herufi kubwa, uzibandike jikoni, na uwasomee wasiojua kusoma, akiwamo msichana wako wa kazi: 115 kwa mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga, 116 kwa mtoto anayeteswa au aliye hatarini, 112 kwa polisi, 199 kwa kuuliza mambo ya afya Wizarani. Jifunze dalili za hatari za mimba: kutokwa damu, kichwa kuuma sana na kuona maruweruwe, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza tumboni. Kwa mchanga: kukataa kunyonya, kupumua kwa shida, mwili kuwa wa baridi au wa moto sana. Ukiiona hata moja, usingoje asubuhi wala usingoje mwenye nyumba arudi.

Ujumbe ukiingia kwenye simu yako, kabla hujamrushia mwingine, uliza mambo matatu: Nani amesema? Amejuaje? Na mimi nikiupeleka, nani ataumia kama ni uongo? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeeneza uongo kwa kukusudia, lakini sisi Wakristo tulikuwa na amri juu ya ushuhuda wa uongo kabla ya sheria hiyo.

Na katika umoja wetu wa akina mama makanisani, tusiishie kutangaza michango na sare za kitenge. Dakika mbili za matangazo baada ya ibada zinatosha kusema siku ya chanjo, namba ya kupiga, na jina la jirani mwenye gari. Yule mama kijana aliketi mara nne chini ya karatasi iliyokuwa na msaada wake, na hakuna aliyemsomea. Katika kanisa lako, Jumapili ijayo, ataketi mama kama huyo. Mtafute, ukae karibu naye, umsomee.

Kitabu cha Methali kinailinganisha habari njema itokayo mbali na maji baridi kwa mwenye kiu. Akina mama wa Lusewa wameanza kuyachota maji hayo kwa ubao wa chaki, kwa vitochi na kwa vinywa vyao. Bwana awabariki, na atupe sisi sote moyo wa kuifikisha habari wakati bado inafaa.